Nakshi za Pwani kwa Mashine: Kutoka Picha ya Simu hadi Kigae cha Chokaa Ukutani

Nakshi za ukutani hazikosekani madukani. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi, Dar, Mombasa au Nakuru, utaonyeshwa mikanda ya jasi (jipsamu) ya kuzungushia dari, na karibu yote ina majani ya Kigiriki na mashada ya maua ya Ulaya. Inauzwa kwa sababu ina kalibu, yaani umbo la kumiminia. Nakshi za kwetu hazina kalibu. Ukuta wa zidaka (vishubaka vya ukutani) katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ule unaoukuta ukishapita daka (baraza ya mlangoni), kiwanda (ua wa katikati) na misana (kumbi ndefu) hadi chumba cha ndani, ulichongwa palepale lipu ya chokaa ikiwa bado teketeke. Fundi wa kukaa na patasi mbele ya ukuta mmoja wiki kadhaa ni ghali siku hizi, kama umempata.

Hapa nitaeleza namna ya kuipata nakshi ya aina hiyo kwa simu, kompyuta, mashine ya CNC (ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) na kalibu ya silikoni, mpaka upate vigae vya kubandika. Simfukuzi mchongaji. Kinachokula siku zake ni kurudia: ua moja mara mia mbili, kamba moja kutoka kona hadi kona. Hilo mpe mashine. Makali ya mwisho yabaki kwake, na nitaonyesha mahali pa kumwachia kazi hiyo kwa makusudi.

Anza na ukuta, si na mashine

Ukuta utakaobeba kigae ndio unaoamua kigae kiwe cha nini. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia lipu. Ukiubandika kigae cha saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma yake, na baada ya misimu michache ya mvua jiwe lenyewe linaanza kumung'unyuka huku kigae kiko imara kabisa. Ukuta huo upewe chokaa. Ukuta mpya wa matofali ya saruji hauna shida hiyo, unaweza kutumia saruji nyeupe. Chumba cha ndani, kikavu, mbali na bafu na jiko: jasi inatosha na ndiyo rahisi kuliko zote. Jasi isiende nje, na isiende kwenye ukuta wa pwani wenye chumvi. Italainika.

Ikiwa nyumba ni ya urithi, omba kibali kabla ya kugusa kitu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu 2001. Unguja utakwenda kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, Kenya kwa Makumbusho ya Taifa. Hata kupiga picha nyumba ya mtu, ndani hasa, ni jambo la kubisha hodi na kueleza shida yako. Ndani ya nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, si ukumbi wa wageni.

Na jambo moja lisilo na mjadala: usimimine silikoni juu ya nakshi ya kale. Chokaa ina vinyweleo, inakunywa mafuta ya silikoni, doa halitoki, na lipu iliyolegea inang'oka pamoja na kalibu. Ndiyo maana tunatumia kamera.

Kupiga picha

Simu yenye kamera nzuri inatosha. Unachotafuta ni picha nyingi zinazopishana, ambazo programu itazilinganisha na kujenga umbo la ukuta katika vipimo vitatu. Kwa eneo la mita moja kwa mita moja, picha 80 hadi 120 si nyingi.

Zima flashi. Tumia mwanga uliotawanyika, asubuhi mapema au siku ya mawingu, milango ikiwa wazi. Jua la moja kwa moja linachora vivuli ambavyo programu itavidhania ni maumbo. Funga mwangaza na fokasi ya simu visibadilike katikati ya kazi. Simama sentimita 50 hadi 60 kutoka ukutani, tembea kwa safu kutoka kushoto kwenda kulia, kila picha ikirudia robo tatu ya ile iliyotangulia. Ukimaliza, rudia safu zilezile ukiwa umeelekeza simu kwa mshazari, mara moja kutoka kulia na mara moja kutoka kushoto, ili pande za ndani za mifuo (mikato iliyozama) zionekane.

Weka rula mbili za chuma ndani ya picha, moja wima, moja mlalo, zikisimama kwenye stendi bila kubandikwa ukutani. Bila rula utapata umbo zuri lisilo na ukubwa. Kisha chukua futi upime mwenyewe umbali mitatu au minne na uandike kwenye daftari, kwa mfano kutoka katikati ya ua la kwanza hadi la kumi na moja. Daftari hilo ndilo litakaloihukumu kompyuta.

Mwisho kabisa, wanafunzi wengi huruka hatua hii: giza likiingia, washa tochi, ishikilie karibu na ukuta ikimulika kwa ubavu, piga picha kadhaa. Hizi haziingii kwenye umbo la kompyuta. Ni za macho yako. Mwanga wa ubavuni unafichua patasi ilipoingilia, mahali fundi alipotoboa kwa bikari, na mstari wa kuongozea alioukwaruza kisha akasahau kuufuta.

Piga hata kama huna mradi. Jumba la Beit el-Ajaib la Unguja, lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tuna bahati kwamba wataalamu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town walishayapima magofu kwa mionzi ya leza. Nyumba za kawaida hakuna atakayekuja kuzipima.

Kujenga umbo kutoka kwenye picha, tumia programu ya Meshroom: ni bure, ila inataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA. Kama huna, RealityScan ya simu hufanya hesabu kwenye seva zao na kukurudishia umbo. Lipeleke kwenye programu ya Blender, lilinganishe na rula, kisha weka kamera ya othografiki mbele ya ukuta na utoe picha bapa, isiyo na kitu cha mbali kuonekana kidogo. Picha hiyo bapa ndiyo tunayoitaka.

Kuchora upya

Hapa wengi hupotea. Wakishapata umbo la kompyuta wanalituma moja kwa moja kwenye mashine, na wanapata kigae kinachofanana na sabuni iliyotumika. Si kosa la mashine. Ukuta wa kale umepakwa chokaa mwaka hadi mwaka, pengine kwa kila Ramadhani au kila harusi, na kila mkono umejaza mifuo kidogo na kuviringisha makali. Kompyuta imepima kwa uaminifu kile ilichokiona: tabaka za chokaa. Patasi iko chini yake.

Kwa hiyo usinakili uso, itafute kanuni. Nakshi hizi karibu zote zimetoka kwenye bikari na rula, na ukishaijua hatua ya bikari unaweza kuzichora upya kali kama siku ya kwanza.

Fungua Inkscape, programu ya kuchorea, weka vipimo kwa milimita, ingiza picha bapa kwenye tabaka la chini, na uhakikishe rula ya kwenye picha inalingana na rula ya programu. Sasa tafuta moduli, yaani kipimo kimoja kinachojirudia. Tuseme una mkanda wa maua yenye petali sita. Usipime ua moja. Pima nafasi kumi kwa pamoja. Ikiwa kutoka katikati ya ua la 1 hadi la 11 ni milimita 962, wastani ni 96.2, na kila ua limepotoka kidogo huku na huku kwa sababu ni mkono wa mtu. Chukua 96. Namba isipokaa sawa, jaribu kuigawa kwa shibiri (kiganja kilichotandazwa) na nyanda (upana wa vidole) badala ya milimita. Wakati mwingine mambo yanafunguka hapo.

Ua lenyewe: chora duara ya nusu-kipenyo milimita 40. Bikari ikiwa na upana uleule, itembeze juu ya duara, itagusa mara sita kamili. Kila palipoguswa, chora tao linalopita katikati. Petali sita zimejitokeza, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 40. Upana wake katikati huhitaji kupima, ni 0.268 ya nusu-kipenyo, yaani milimita 10.7. Linganisha na picha ya tochi. Ikiwa petali ya ukutani ni nyembamba zaidi, ama chokaa imeijaza ama fundi aliibana bikari kidogo. Picha ya tochi itakuambia ni lipi.

Sasa ukubwa wa kigae. Acha mazoea ya 300 kwa 300. Kigae kitoke kwenye moduli: maua matatu ya 96 ni milimita 288, basi kigae ni 288 kwa 288, na unene wa 25. Mpaka wa kigae upite kati ya ua na ua, kwenye sehemu bapa au ndani ya mfuo wa mpaka, kamwe usikate petali.

Kabla hujafunga faili, pima ukuta wa mteja. Ukuta wa milimita 1,452 utachukua vigae 5 (1,440) na zitabaki 12. Viungo vinne vya kati na nafasi mbili za mwisho ni sita, kila kimoja milimita 2. Imekaa. Pasipokaa, ongeza au punguza kidogo nafasi kati ya maua, lakini usivute mchoro mzima kuukuza. Ukiukuza, na kina kinakua, na maua ya ukuta huu hayatakuwa ndugu wa maua ya ukuta ule. Kona zinahitaji kigae chake. Kichore mapema, maana kona ndiyo jicho linapokwenda kwanza.

Na sasa ile nafasi ya mchongaji. Katikati ya kila ua, kitovu, iache bila kuchonga. Acha kiduara bapa cha milimita 10. Kitachongwa kwa mkono kwenye kila kigae, na hapo ndipo vigae 60 kutoka kalibu moja vitaacha kuonekana vigae 60 kutoka kalibu moja.

Mashine ya CNC

Huna haja ya kununua. Karakana nyingi za samani zinazochonga milango, kwa mfano Keko jijini Dar es Salaam, zina CNC, na wengi watakukatia kwa saa. Wewe peleka faili na ubao, na ujue la kuwaambia.

La kuwaambia ni hili: tumia biti (kikatio) ya V, yenye ncha kali ya pembe, si biti ya mpira, yenye ncha ya duara kama mpira. Nakshi ya kukata kwa pembe ina tabia moja: mfuo ukipanuka unazama, ukibanana unapanda juu, mpaka ncha ya petali inaishia kwenye nukta. Biti ya V inayofuata mistari ya mchoro inafanya hivyohivyo yenyewe, bila umbo la vipimo vitatu hata kidogo. Faili ya mchoro wa mistari, SVG au DXF, inatosha. Programu ya F-Engrave ni bure na inatoa njia za kukata za aina hiyo. FreeCAD nayo inaweza.

Pembe ya biti huamua kina. Petali yetu ya milimita 10.7 kwa biti ya digrii 90 itazama milimita 5.35; kwa biti ya digrii 60 itazama 9.3. Ya 60 ina kivuli kirefu na inafaa ukuta wa nje wenye jua. Ya 90 inafaa ndani, ni laini na hutoka kwenye kalibu bila ugomvi. Rudi kwenye umbo la kompyuta, pima kina cha petali iliyohifadhika vizuri, kisha chagua.

Ubao: MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandishwa) ya milimita 25 ni ya bei nafuu na haina nyuzi za kung'oka. Lakini mwambie fundi wa mashine aupige uso kwanza, aulainishe wote uwe tambarare kwa biti pana, kabla ya kuanza kuchonga. Kwa biti ya V ya digrii 90, kosa la nusu milimita kwenda chini linakuwa milimita moja nzima ya upana. Ubao ulioinama kidogo utakupa maua manene upande mmoja na membamba upande mwingine, nawe utailaumu programu.

Ikiwa nakshi yako ni ya mviringo, kama kamba iliyosokotwa au majani yenye migongo, hapo ndipo biti ya mpira inahitajika. Kwa biti ya kipenyo cha milimita 3, nafasi ya 0.6 kati ya njia na njia inaacha mawimbi ya urefu wa milimita 0.03 tu. Msasa mwepesi unayaondoa. Wauza muda wa mashine watapendekeza 0.2, muda utakuwa mara tatu na macho hayataona tofauti.

Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, vaa barakoa nzuri. Mchongo ukitoka, usugue kwa msasa laini, upake vanishi nyembamba mara tatu pande zote pamoja na mgongo, kwa sababu unyevu wa pwani huvimbisha MDF isiyofunikwa. Mgongoni chonga mwaka na jina la mahali nakshi ilipotoka.

Kalibu ya silikoni

Silikoni ndiyo gharama kubwa ya mradi huu, basi ipigie hesabu. Mchongo wa 288 × 288 × 25 ukizungushiwa fremu yenye nafasi ya milimita 15 kila upande, na silikoni ipande milimita 10 juu ya uso, ujazo ni lita 1.55 hivi ukihesabu na mifuo, karibu kilo 1.8. Nunua kilo 2. Chagua ya ugumu wa 20 hadi 30 kwa kipimo cha Shore A: laini kuliko hapo inalegea ukishindilia chokaa, ngumu kuliko hapo inavunja ncha za petali wakati wa kutoa.

Zipo za aina mbili, kutegemea dawa ya kugandisha: ya bati na ya platini. Ya bati ni ya bei ndogo na haichagui, ila husinyaa kidogo kadiri siku zinavyokwenda. Ya platini haisinyai karibu kabisa, lakini ina kero: ikigusa udongo wa kufinyanga wenye salfa au glavu za mpira wa latex, haikauki, inabaki inanata. Ukiitumia, jaribu kwanza kijiko kimoja kwenye kona ya mchongo.

Bandika mchongo kwenye ubao bapa, uso juu. Ziba chini ya fremu. Paka mafuta ya mgando kwa brashi, tabaka jembamba sana, kisha futa yaliyokaa kwenye ncha za petali, la sivyo kalibu itanakili mafuta. Pima silikoni na dawa yake kwa mzani, si kwa macho. Changanya polepole ukikwangua kuta za ndoo. Huna pampu ya kufyonza hewa? Paka kwanza tabaka jembamba kwa brashi ukiisukuma kwenye kila petali, ngoja dakika chache mapovu yapasuke, kisha mimina iliyobaki kutoka juu, kwa uzi mwembamba, kwenye kona moja tu, iache itembee yenyewe. Hakikisha meza iko sawa kwa pima maji. Fuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo, na usiibandue mapema kwa sababu ya hamu.

Kumimina

Jasi kwanza, kwa kuwa ni fupi. Kigae chetu ni lita 2.07. Lita 1.35 za maji na kilo 2 za jasi zinakitosha. Jasi ndiyo inyunyizwe kwenye maji; ukifanya kinyume utapata madonge. Iache inywe maji dakika moja au mbili, koroga taratibu, paka uso wa kalibu kwa brashi, mimina, na weka nyuzi za katani mgongoni ikiwa bado laini. Ikianza kuganda kwenye ndoo usiiongezee maji. Mwaga.

Chokaa inataka uvumilivu na akili kidogo. Chokaa tupu hukauka kwa kuvuta kaboni dioksidi kutoka hewani, na ndani ya kalibu hakuna hewa. Utangoja sana na utatoa uji. Inahitaji mwenza wa kuifanya igande bila hewa. Mwenza wa kale ni unga wa tofali la udongo lililochomwa kwa moto wa wastani. Tofali lililochomwa mpaka likawa kama kioo halifai, limekwisha nguvu. Twanga, chekecha mpaka uwe laini kama unga wa dona.

Mchanganyiko wa mgongo: chokaa iliyolowekwa na kulala sehemu 1, unga wa tofali sehemu 1, mchanga wa mtoni uliochekechwa sehemu 2. Mchanga wa baharini usiuguse, chumvi yake itakuchomokea ukutani. Ongeza nyuzi za katani zilizokatwa sentimita 2 hadi 3, kiganja kimoja kwa ndoo. Mchanganyiko wa uso: chokaa na unga wa tofali, nusu kwa nusu, laini kama krimu.

Paka wa uso kwa brashi, milimita 3 hivi, ukisukuma kwenye petali. Kabla haujakauka, shindilia wa mgongo kwa mafungu, ukiwa mgumu wa kushikana mkononi bila kuchuruzika. Maji mengi ndiyo mama wa nyufa. Sawazisha kwa mwiko, kwaruza mgongo mistari ya kushikia, funika kwa gunia lenye unyevu. Kibandue baada ya siku 2 hadi 4, kutegemea joto. Kigae kitakuwa na wekundu wa tofali. Usihuzunike, kitapakwa chokaa nyeupe mwishoni.

Vaa miwani na glavu muda wote. Chokaa ikiingia jichoni, maji mengi safi mara moja, kisha hospitali. Na kama unazima chokaa mbichi mwenyewe, chokaa iingie kwenye maji kidogokidogo, watoto wakiwa mbali, kwa sababu inachemka.

Patasi

Kigae kikibanduliwa kuna dirisha la saa chache ambapo ukucha unaacha alama lakini haunati. Huo ndio wakati wa mchongaji. Patasi nyembamba ya milimita 6, iliyonolewa ikanolewa tena. Anapita chini ya mfuo wa kila petali kukaza mstari, anafungua ncha ambazo biti iliziacha butu, kisha anachonga kitovu: nyota, kitone, msalaba wa mistari, apendavyo. Dakika chache kwa kila kigae. Usimwelekeze sana. Pwani hii watu wamechonga mawe tangu zamani, mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yao na faili la DXF.

Baada ya hapo vigae vikae kivulini, chini ya magunia yenye unyevu, siku 7. Vikishaondolewa magunia, viache vipigwe na hewa wiki 4. Ukitaka uhakika, vunja kipande cha majaribio na upulizie fenoftalini, ile ya maabara ya shule: palipogeuka waridi bado chokaa haijakomaa.

Pembeni kidogo: matofali ya matundu

Mchoro uleule unaweza kuwa tofali la matundu la kupitisha upepo, ukizigeuza petali kuwa mashimo. Hapo ndipo mchapo wa vipimo vitatu una kazi: chapisha viini vya petali kwa plastiki ya PLA, vipigwe skrubu kwenye sahani ya chini ya sanduku la mbao. Tofauti na silikoni, plastiki haipindi, kwa hiyo kila kiini kipungue kuelekea juu kwa digrii 3 hadi 4, kipakwe mafuta, na kuta kati ya shimo na shimo zisipungue milimita 25. Saruji 1 kwa mchanga 3, isiwe na maji mengi, igongwe ubavuni itoe hewa, itolewe kesho yake, imwagiwe maji siku 7. Viini usiviache juani wala ndani ya gari lililofungwa. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi.

Kubandika na kupaka

Lowesha ukuta tangu jana yake na tena asubuhi. Ukuta mkavu utakunywa maji ya lipu na vigae vitadondoka. Panga vigae vyote chini sakafuni kwanza, zungusha ili vitovu vinavyofanana visikae jirani. Bandika kwa lipu ya chokaa ya mchanganyiko uleule wa mgongo, anza katikati kwenda pembeni, tegemeza kwa vijiti mpaka kesho. Ukuta ukipita urefu wa mtu, kila kigae kipate skrubu mbili za chuma kisichopata kutu, kwenye zile sehemu bapa kati ya maua, vichwa vizibwe kwa mchanganyiko wa uso.

Viungo vya milimita 2 vijazwe mchanganyiko wa uso, kisha, vikiwa bado laini, mchongaji apitishe patasi kwenye mfuo wa mpaka kutoka kigae hadi kigae bila kuinua mkono. Mshono unapotea hapo.

Ukifanya kazi kwenye ukuta wa kale, kipande kipya kipakane na cha zamani bila kujifanya cha zamani. Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, kifungu cha 12, unataka kipande kinachojaza palipokosekana kioane na kazi nzima lakini kitambulike. Mwaka uliouchonga mgongoni mwa mchongo hauonekani kwenye kigae, kwa hiyo andika mwaka mgongoni mwa kila kigae kwa msumari kabla hakijakauka, na nakala ya faili, picha na daftari la vipimo umpe mwenye nyumba na ofisi iliyokupa kibali.

Rangi ya plastiki isifike hapo. Inaziba ukuta kama saruji. Chokaa nyeupe iliyotiwa maji mpaka iwe kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Brashi ikamuliwe vizuri na ipigwe kwa ncha ndani ya petali, chokaa isituame chini ya mfuo. Miaka ijayo, anayepaka upya apitishe kwanza brashi kavu kutoa vumbi na chokaa iliyolegea, la sivyo baada ya mikono ishirini maua yatakuwa yamejaa tena.